Kuganda

Damu huganda, mafuta ya nazi huganda kwenye baridi, na siku hizi kompyuta nayo huganda. Katika uhariri wa video, neno hili hutaja hali ambapo picha imesimama na programu haiitikii, ingawa mashine inawaka. Ikizimika, hilo ni jambo jingine. Mara nyingi programu hulaumiwa bure. Video ya 4K iliyobanwa kwa H.265 huhifadhi picha nyingi kama tofauti tu na picha jirani, hivyo prosesa hulazimika kuzikokotoa upya kila mhariri anaporudi nyuma au kuruka mbele. Dawa yake ni kuhariri kwa nakala nyepesi, tuseme za 720p. Faili asili hurudi wakati wa kutoa kazi kamili. Diski iliyojaa pia hugandisha, na hapo nakala hizo huzidisha tatizo.