Gemu zilivyojifunza kuficha hadithi

Aliyenunua Pool of Radiance mwaka 1988 hakupata disketi peke yake. Ndani ya boksi alikuta visahani viwili vya karatasi ngumu vilivyobanwa katikati, vya kutafsiria maandishi ya kale, pamoja na kijitabu cha kumbukumbu za safari. Mhusika wake alipoingia kwenye baa ya mji wa Phlan na kutega sikio, kompyuta haikumwambia walevi walikuwa wakisema nini. Ilimpa namba. Ikabidi aache kibodi, afungue kijitabu, aitafute namba ile na kusoma uvumi wenyewe kwenye karatasi. Aliporudi kwenye skrini, alikuwa na jambo kichwani ambalo mashine haikuwa nalo.

Mwenye haraka angeweza kujilaza kitandani akakimaliza kijitabu chote usiku mmoja, kabla hata hajaanza kucheza. Waandishi walilijua hilo. Baadhi ya ibara walizoandika zilikuwa za uongo mtupu. Gemu haikuziita hata mara moja, ziliwekwa humo kumponza mdokozi. Wasteland, gemu nyingine ya mwaka huohuo, ilizidisha: kijitabu chake kilikuwa na mkasa wa sayari ya Mars ambao kwenye gemu haumo kabisa. Mdokozi alifunga kitabu akiwa ameshiba hadithi isiyokuwepo.

Chanzo cha yote haya kilikuwa ufinyu. Upande mmoja wa disketi ya Commodore 64 ulibeba takriban kilobaiti 170, na humo picha, ramani na kanuni za mapigano vyote viligombea nafasi. Picha moja unayotumiwa kwenye WhatsApp leo inaweza kuujaza. Maneno yakahamishiwa kwenye karatasi, ambayo ilikuwa na faida ya pili: aliyenakili disketi ya rafiki yake bila kijitabu aliambulia namba zisizo na maana. Lakini kutokana na ufinyu huo ukazaliwa ufundi. Kwa maoni yangu, gemu za kuigiza uhusika, hizi ambazo wachezaji huziita RPG, zinaishi kwa ufundi huo mpaka leo. Mchezaji hatafuniwi hadithi. Inazikwa, naye anaifukua.

Mwanzoni kabisa mwa gemu hizi, fanani, yaani msimulizi, alikuwa mtu mwenye damu na nyama. Mwaka 1974, Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, na Dave Arneson wa Minnesota walitoa Dungeons & Dragons, vijitabu vitatu ndani ya boksi, nakala 1,000 za kwanza. Watu waliketi mezani na mmoja wao akawa mwendeshaji. Ramani ya mapango alikuwa nayo yeye peke yake. Wenzake walichora ya kwao kwenye karatasi ya miraba kwa kumsikiliza tu. Mmefungua mlango. Maji yanadondoka mahali fulani gizani, na kuna harufu ya mzoga. Mnafanyaje? Anayetaka kujua zaidi sharti aulize. Asiyeuliza hajui, na pengine hatoki humo akiwa hai.

Waliosoma fasihi simulizi shuleni wataona hapa fanani na hadhira yake, ila hadhira hii ilikuwa na uwezo wa kumharibia fanani mipango yote. Yeye amekesha akiandaa ngome, wao wanaamua kwenda baharini. Ndiyo maana siri zake alizilinda kwa wivu. Katika mwongozo wa waendeshaji uliotoka mwaka 1979, Gygax aliwaandikia kwa ukali, nusu utani nusu kweli, wachezaji watakaothubutu kuusoma.

Kompyuta, ilipoingia, ilikuwa fanani bubu. Temple of Apshai, pia ya mwaka 1979, ilichora kuta na vyumba kwa mistari mitupu, kisha ikamtuma mchezaji kwenye kijitabu: chumba namba fulani, soma hapa uone kilivyo, kinanuka nini, kina vumbi kiasi gani. Miaka 9 kabla ya Pool of Radiance, karatasi ilikuwa tayari ndiyo macho na pua za mashine.

Aliyelifikisha jambo hili mbali ni Richard Garriott, kijana wa Texas. Boksi la Ultima IV, la mwaka 1985, lilikuwa na ramani iliyochapwa kwenye kitambaa, ankh ndogo ya chuma (msalaba wenye kitanzi juu), na vitabu viwili, kimoja cha historia ya nchi ya Britannia na kingine cha uganga. Mchezaji alianza kuishi katika nchi hiyo kabla ya kuwasha mashine. Alipoiwasha, alikuta kwamba kila mtu wa kukutana naye anahojiwa kwa neno moja la kuandika: jina, kazi, afya. Katika jibu lake hudondoka neno jingine. Unalibeba hilo hadi mji wa mbali, unamtupia mtu mwingine, naye ghafla anafunguka. Bila daftari na kalamu hukufika popote.

Tena gemu hiyo haikuwa na jitu baya la kuuawa mwishoni. Kazi yako ilikuwa kuwa mtu mwema, kwa fadhila 8, na hapo ndipo Garriott alipoficha siri yake kubwa. Muuzaji wa viungo vya uganga alikuwa kipofu. Wewe mwenyewe ndiye uliyetaja kiasi unachomlipa. Ukimpunja, hapigi kelele, na kwenye skrini hakuna kinachobadilika. Ni baada ya saa nyingi, unapokwenda kwa mwonaji kwenye kasri la mfalme kuuliza hali yako, ndipo unapoambiwa kuwa uaminifu wako umeingia dosari. Wachezaji wengi walikuwa wameshampunja mara kadhaa, kwa sababu gemu zote za nyuma ziliwafundisha kuwa fedha ya bure ni halali.

Huko Japani, Yuji Horii, aliyekuwa akiandikia magazeti, aliipenda Ultima na mwenzake Wizardry, lakini alikuwa anatengeneza gemu ya mashine ya Famicom, isiyo na kibodi. Mchezaji asingeweza kuandika neno lolote. Kaseti ya Dragon Quest ya mwaka 1986 ilikuwa na kilobaiti 64 tu, kiasi kwamba hata herufi za katakana zilichaguliwa chache, na maneno yakatungwa kwa kuzikwepa zilizoachwa. Horii akawapa wanakijiji sentensi moja moja. Huyu anautaja mnara, yule anamtaja binti mfalme, mzee pembeni analalamikia jambo ambalo kwanza unalidharau. Hakuna anayejua hadithi nzima, inayo kijiji. Na ukifika kwa mfalme wa majoka, anakupa nafasi ya kugawana naye dunia nusu kwa nusu. Ukikubali, gemu imekwisha hapo hapo. Hujashindwa vita, umeuza roho.

Baadaye ikaja CD, na ufinyu ukaisha. Final Fantasy VII ya mwaka 1997 ilijaza tatu, kwa filamu ndefu ambazo wakati zikionyeshwa mchezaji huiweka padi pajani na kusubiri. Hapa ndipo wengi wanaposema kuficha kulikufa. Mimi naona gemu hiyohiyo inawakanusha. Mapema katika safari, kwenye nyumba ya wageni ya mji wa Kalm, shujaa Cloud anawasimulia wenzake yaliyompata miaka 5 nyuma katika kijiji chake cha Nibelheim. Gemu haikusimulii tu, inakufanya uyacheze: unatembea kijijini, unapigana, unaona moto kwa macho yako. Saa nyingi baadaye inagundulika kuwa Cloud hakuwa yule askari mashuhuri wa kwenye simulizi. Cheo kile na sehemu ile ya ushujaa vilikuwa vya mtu mwingine. Ulichokicheza kwa mikono yako kilikuwa kumbukumbu iliyopinda. Kitabu kinaweza kukudanganya, lakini ni uongo wa kusomewa. Huu, wewe mwenyewe ulisaidia kuujenga.

(Shujaa aliyepoteza kumbukumbu ni ujanja wa zamani mno katika gemu hizi, na wengi huutumia kwa uvivu. Planescape: Torment ya mwaka 1999, ambayo mhusika wake anaamka kwenye meza ya nyumba ya maiti asijue hata jina lake, ni kati ya chache zilizoutendea haki.)

Wamarekani wa Bethesda walipita njia nyingine, ya maktaba. Gemu zao za The Elder Scrolls zina vitabu kwenye rafu, mezani, hata mifukoni mwa wafu, na unaweza kuketi ukavisoma kurasa kwa kurasa. Morrowind, ya mwaka 2002, ndiyo iliyonoga kuliko zote, kwa sababu vitabu vyake havikubaliani. Kuna shujaa wa kale, Nerevar, aliyefia kwenye vita vya Red Mountain. Kwa waumini wa hekalu, viongozi wao watakatifu walikuwa wandani wake. Kwa wahamaji wa nyikani, wandani haohao ndio waliomuua. Gemu inakufikisha hadi kwa mmoja wa watuhumiwa wenyewe, unamsikiliza, unaondoka, na hakuna hakimu anayetoa hukumu.

Hata njia zilielekezwa kwa maneno: vuka daraja, fuata bonde, ukiona mwamba mkubwa kata kushoto. Mtu aliyezoea kuelekezwa mtaani kwetu, shuka kwenye mwembe, uliza duka la Mangi, angejisikia yupo nyumbani. Kufika 2006, gemu iliyofuata, Oblivion, iliweka alama kwenye dira kukuonyesha pa kwenda. Watu wakaacha kusoma maelekezo, na si ajabu.

Kisha zikaja zama za kamusi. Dragon Age: Origins ya mwaka 2009 na wenzake walijaza historia ya ulimwengu wao kwenye ukurasa wa pembeni: kila ukigusa kitu, maandishi mapya yanaongezeka, mengine mazuri sana. Lakini hebu tuseme ukweli, ni wangapi waliozisoma kurasa zile zote? Kitu kilichorundikwa mahali pamoja kikisubiri kusomwa hufanana na kazi ya nyumbani.

Aliyerudisha ufundi wa kuficha alikuwa mtu aliyekua na vitabu asivyovielewa. Hidetaka Miyazaki amewahi kueleza kwamba utotoni, huko Shizuoka, familia yao haikuwa na uwezo, kwa hiyo aliazima vitabu maktaba, vikiwemo vya Kiingereza vilivyomzidi kimo. Aya zilizompita alizijazia kwa mawazo yake, akisaidiwa na michoro. Mtanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza akakabidhiwa hadithi ya Kiingereza, hahitaji kuelezwa hali hiyo. Anakumbuka vizuri hadithi alizojitungia katikati ya maneno asiyoyajua.

Gemu yake ya Dark Souls, ya mwaka 2011, imetengenezwa hivyo. Chukua mfano wa Sif. Ndani ya msitu kuna kaburi la shujaa aitwaye Artorias, na juu yake analinda mbwa mwitu wa kijivu mkubwa kama nyumba, upanga mdomoni. Lazima umuue ili uendelee. Anapokaribia kufa anaanza kuchechemea, anazungusha upanga huku miguu ikimkatalia, na mchezaji anajikuta hataki kumaliza. Akifa, unapata pete. Fungua maelezo yake, sentensi chache tu, na unaona kuwa anayeivaa anaweza kutembea kwenye Shimo, giza lililommeza Artorias. Unganisha mwenyewe: huenda mnyama yule alikuwa akimzuia mwingine yeyote asifuate njia ya bwana wake, ukiwemo wewe.

Mwaka uliofuata iliongezwa sehemu inayokurudisha zama za kale, ambamo unaweza kumwokoa Sif akiwa bado mtoto. Ukifanya hivyo kwanza, ndipo uende kaburini, pambano linaanza tofauti. Anakunusa. Anakutambua. Anainua kichwa na kulia, kisha anauchukua upanga wake na kupigana nawe hivyohivyo. Hakuna kwenye gemu anayekuambia kwamba jambo hilo lipo. Wengi wamelijua kwa kusimuliwa na waliotangulia, kama uvumi wa walevi wa Phlan.

Mtindo huo haukubaki wa wachache. Elden Ring ya mwaka 2022, ambayo historia yake ya kale iliandikwa na mtunzi George R. R. Martin kisha Miyazaki na wenzake wakaivunjavunja na kuitawanya vipande, imeuza zaidi ya nakala milioni 20. Mwaka uliofuata, Baldur's Gate 3 ya studio ya Larian ya Ubelgiji ilimrudisha fanani wa mezani: sauti ya mwanamke inayokunong'oneza unachokiona na unachokihisi, kama mwendeshaji wa mwaka 1974.

Mwaka 2024 akatokea Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, na Tales of Kenzera: Zau. Si RPG kamili, ni ya kuruka na kupigana, lakini namna inavyoifungua hadithi yake inahusu sana mada hii: kijana Zuberi amefiwa na baba, baba amemwachia kitabu alichokiandika, na gemu yote ni kile anachokisoma humo. Salim aliitengeneza baada ya kumpoteza baba yake mwenyewe. Ina sauti za Kiswahili. Ukiipata, ingia kwenye mipangilio uzichague kabla hujaanza.