Umri wa Kukata Tamaa ya Hedhi: Mwanamke Angoje Mpaka Lini?

Mwanamke ameachwa akiwa na miaka 45. Hedhi imekatika, na wala hanyonyeshi wala haumwi. Je, akae eda gani? Twahara tatu hazitimii kwa kuwa damu haiji, na miezi mitatu ya Suratut-Twalaaq, aya ya 4, ni ya waliokwisha kukata tamaa ya hedhi. Yeye hajulikani yumo upande gani.

Suala hili lilimfikia 'Umar bin Al-Khattwaab (r.a.). Hukumu yake, aliyoipokea Imam Malik katika Muwatta, ni kuwa angoje miezi tisa. Isipodhihiri mimba, akae eda miezi mitatu. Jumla ni mwaka mmoja. Imam Malik na Imam Ahmad waliishika. Imam Shafi naye aliishika katika kauli yake ya zamani, lakini katika kauli mpya akasema angoje mpaka afike umri wa kukata tamaa.

Umri huo ni upi? Mahanbali wamesema 50, fatwa ya Mahanafi ni 55, na kauli mashuhuri ya Mashafi ni 62. Hii ni miaka ya mwezi mwandamo, kama 60 ya jua. Ibn Taymiyyah (aliyefariki 728 H) hakukubali kuweka mpaka wowote. Imam An-Nawawi (aliyefariki 676 H) ametaja katika Minhaj kauli ya kutazama jamaa zake mwanamke, naye akatilia nguvu ile ya kutazama wanawake wote. Tofauti si ndogo! Sisi wa pwani, tuliodurusu Minhaj, tukifuata kauli mpya, mwanamke wetu atangoja kiasi cha miaka 15, hana mume wala haolewi.

Matabibu wa leo huthibitisha kukoma kwa hedhi baada ya miezi 12 mfululizo bila damu, na wengi huwafika baina ya miaka 45 na 55. Inashangaza jinsi muda huo unavyokaribiana na wa 'Umar, ingawa yeye alichunga mimba.

Ama joto la ghafla, jasho la usiku na kukosa usingizi, hudumu kwa wastani kama miaka saba, na kwa baadhi hupita kumi. Huanza mara nyingi kabla damu haijakatika. Kwa hiyo anayekosea ni yule anayemhesabia mke miezi mitatu kwa kuona joto tu, kwani eda imefungamana na damu. Hata aliyekwisha kufika umri huo, akiona hedhi ndani ya miezi yake mitatu, hurejea kuhesabu twahara.