Wanawake wa Soko na wa Misafara katika Maniema ya Karne ya 19

Baadhi ya riwaya za Uingereza za enzi ya Malkia Victoria, aliyetawala kuanzia 1837 hadi 1901, zilimpa mwanamke mfanyakazi nafasi ya heshima: Elizabeth Gaskell, kwa mfano, katika Mary Barton ya mwaka 1848, alimweka binti mshonaji wa Manchester katikati ya kisa cha mapenzi na dhiki. Baadaye katika enzi hiyohiyo, sehemu ya pembe za ndovu zilizochongwa Ulaya kuwa vibao vya piano na mipini ya visu ilitoka Maniema, magharibi ya Ziwa Tanganyika, ambako Kabambare ilikuwa kituo kwenye njia ya kutoka Ujiji kwenda Kasongo na Nyangwe. Tofauti na riwaya hizo, historia ya biashara hiyo husimuliwa kwa majina ya wanaume, ilhali bila kazi ya wanawake hakuna kambi ambayo ingekula wala msafara ambao ungesonga mbele.

Kabla ya bunduki kuenea, uchumi wa bonde la Lualaba ulizunguka soko, na soko lilikuwa la wanawake. Huko Nyangwe, Wagenya, yaani wavuvi na waendesha mitumbwi wa mto huo, walileta samaki na vyungu, na wanawake wa vijiji vya bara wakaleta mihogo, mafuta ya mawese, chumvi na pilipili. Mmisionari na mpelelezi David Livingstone, aliyekaa Kabambare tangu Julai 1870 hadi Februari 1871 akiuguza vidonda vya miguu, alifika Nyangwe baadaye na kulihudhuria soko hilo mara nyingi, akawaona wanawake waliotoka mbali na mizigo mizito wakibishania bei kwa bidii na kwa furaha. Aliandika pia juu ya kanuni ambayo inastahili kuitwa sheria: hata wanaume wa wilaya mbili walipokuwa vitani, wanawake walipita kutoka soko moja hadi jingine na bidhaa zao bila kuporwa. Amani hiyo haikuhitaji ngome, kwa kuwa kila upande ulikula kutokana nayo.

Tarehe 15 Julai 1871 sheria hiyo ilivunjwa. Watu wa mfanyabiashara Dugumbe walifyatua risasi katikati ya soko lililokuwa na watu wapatao 1,500, wengi wao wanawake, na waliokimbilia mtoni wakazama pamoja na mitumbwi iliyolemewa. Wafanyabiashara Waarabu wenyewe walikadiria vifo kuwa kati ya 330 na 400. Taarifa ya Livingstone ilipofika London mwaka 1872 iliwasha hasira ya umma, ikaipa nguvu safari ya mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, kwenda Unguja, ambako Sultani Barghash alitia saini mwezi Juni 1873 mkataba wa kulifunga soko la watumwa. Damu ya wauza vyungu wa Lualaba iliingia katika siasa za dola, ingawa taarifa yenyewe haikumtaja hata mmoja wao kwa jina.

Walionusurika walikutana na desturi nyingine ya kikatili ya wafanyabiashara, ya kuwateka wanawake na kuwashikilia mpaka ndugu zao walete pembe za kuwakomboa. Wasiokombolewa walichukuliwa hadi kwenye makazi ya Waungwana, jina walilopewa watu waliofuata Uislamu, mavazi na lugha ya pwani, hata kama walizaliwa humohumo Maniema. Huko walilima mpunga, zao lililoletwa na misafara, katika mashamba yaliyowastaajabisha maofisa wa Dola Huru ya Kongo walipoiteka Kasongo mwezi Aprili 1893. Baadhi yao walikuwa masuria, yaani watumwa waliowekwa kinyumba na bwana. Kwa sheria ya Kiislamu suria aliyemzalia bwana wake hakuuzwa tena, aliachwa huru bwana alipokufa, na mtoto wake alizaliwa huru. Ulikuwa mlango mwembamba wa uhuru, lakini kupitia mlango huo mateka wengi waliingia katika nasaba za Waislamu wa Maniema wakiwa mama na bibi.

Uzito wa mwanamke mateka katika siasa unaonekana katika maisha ya mfanyabiashara wa pembe Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe: alipofika kwa chifu Kasongo Rushie alidai kwamba bibi yake alikuwa ndugu wa chifu huyo, aliyetekwa zamani vitani, na kwa dai hilo akakabidhiwa utawala.

Mwanamke mmoja wa misafara aliyebaki na jina ni Halima, mpishi wa Livingstone na mke wa Amoda, mtumishi mwingine wa Livingstone. Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alimkuta Halima Ujiji mwezi Novemba 1871, muda mfupi baada ya bwana wake kurudi kutoka Maniema. Mwaka 1872 Livingstone alimsifu katika shajara yake kwa uangalifu na uaminifu, akaazimia kumwacha huru na kumnunulia nyumba na bustani Unguja. Livingstone alifariki mwezi Mei 1873, na Halima akaufuata mwili wake hadi pwani. Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone, walipelekwa Uingereza mwaka 1874, wakatoa maelezo yaliyotumiwa katika kitabu cha safari za mwisho kilichohaririwa na Horace Waller. Halima alipata tanbihi moja katika kitabu hicho, ambamo mhariri alikiri kwamba utumishi wake wa muda mrefu haukulipwa. Gharama ya nyumba na bustani ingeweza kuchangwa kwa urahisi na wasomaji waliokinunua, na kutolipwa kwake ni deni la haki.