Ving'amuzi Viwili, Mpira Mmoja

Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Zanzibar ilitangulia kwa miaka ishirini hivi, tena kwa picha za rangi. Ndiyo maana wakazi wengi wa Dar es Salaam walizoea kutazama pamoja kabla ya kutazama nyumbani. Palikuwa na mabanda ya video: mabenchi ya mbao, deki moja, mkanda wa Kihindi au wa karate, na baadaye sauti ya Lufufu, mtafsiri wa filamu, akiwaeleza watazamaji kwa Kiswahili nani kamsaliti nani.

Desturi hiyo ndiyo iliyoupokea mpira wa Ulaya. DStv ilipoanza mwaka 1995 huko Afrika Kusini, kisha ikasambaa barani, ilikuja na dishi na ada ya kila mwezi ambayo mshahara wa mtu wa kawaida haukuimudu. Mwenye dishi akapanga mabenchi, akatoza kiingilio, na mtaa ukatoa jina: kibanda umiza. Jina halikukosea. Mabati juu, jasho chini, na aliyekaa nyuma ya mtu mrefu hulitazama goli kwa masikio.

Mwaka 2007 ikaja GTV. Kampuni hii, yenye makao yake London, ilinunua haki za kuonyesha sehemu kubwa ya mechi za Ligi Kuu ya Uingereza katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, ukiacha Afrika Kusini, ikauza vifurushi kwa bei ya chini kuliko ilivyozoeleka. Mashabiki wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wakakimbilia king'amuzi kipya. Waliokuwa na dishi la zamani walijikuta wanalipia ligi ambayo sehemu yake kubwa imehama. Wenye vibanda hawakuwa na la kuchagua. Wakafunga dishi la pili kando ya lile la kwanza.

Halafu, mwishoni mwa Januari 2009, katikati ya msimu, GTV ikafilisika. Skrini zikazimika bila notisi ya maana, na wateja zaidi ya laki moja wakabaki na visanduku visivyofaa hata kuwekea chumvi. Haki za ligi zikarudi DStv, na mashabiki wakarudi nyuma yake, mfuko ukiwa mwepesi.

Somo hilo halikumzuia yeyote. Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia, Dar es Salaam ikitangulia usiku wa Desemba 31, 2012, wenye leseni ya kurusha matangazo ya dijitali walikuwa watatu, kila mmoja na king'amuzi chake dukani. Mwaka mmoja baadaye Azam TV ikaingia na Ligi Kuu ya Tanzania mkononi. StarTimes nayo ikaichukua Bundesliga mwaka 2015. Timu ya nyumbani huku, ya Manchester kule, ya Ujerumani kwingine.

Kioja kikubwa kilikuwa cha Agosti 2018. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliziagiza Azam, DStv na Zuku kuziondoa chaneli za ndani zinazopaswa kutazamwa bure, kwa kuwa leseni zao hazikuruhusu kuzibeba. Kisheria hoja ilikuwa na mashiko: haikuwa haki mtu akose taarifa ya habari kwa sababu kifurushi kimekwisha. Lakini aliyeumia ni yule yule mlipaji. Aliyetaka mpira na taarifa ya habari ya ITV alilazimika kununua king'amuzi cha pili.

Intaneti haikubadili tabia hii ya kuongeza malipo juu ya malipo. Netflix ilifika Afrika Mashariki Januari 2016. Wakenya wenye simu za Android wakapewa kifurushi cha bure Septemba 2021, nacho kikaondolewa Novemba 2023. Chambo kilishafanya kazi yake.

Mwaka 2021 Azam ilisaini na Shirikisho la Soka Tanzania mkataba wa miaka kumi wa kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Mwaka 2025 Canal+ ya Ufaransa ikainunua MultiChoice, mmiliki wa DStv. Wenye mali wamebadilika, hesabu ya shabiki imebaki ile ile: anayetaka Simba na Yanga pamoja na Arsenal analipa mara mbili kwa mwezi, au anatoa kiingilio chake na kuwahi benchi la mbele.