Jinsi Tawala za Watemi Zilivyojengwa Usukuma

Tusikiapo habari za wafalme wa kale, mara nyingi twadhani kwamba ufalme hupatikana kwa mkuki, tena kwa siku moja. Lakini tukiitazama nchi ya Ntuzu, ulipo mji wa Bariadi, pamoja na jirani zake Kanadi na Dutwa, twaona kwamba utawala ulikua polepole, kama ukuavyo mbuyu.

Hapo kale sehemu kubwa ya nchi hii ilikuwa pori. Watu walikuja makundi makundi, wakakata miti, wakalima mtama na kuchunga ng'ombe. Masimulizi ya wazee wa Usukuma husema kwamba koo nyingi za watawala zilitoka magharibi ya Ziwa Victoria. Wageni na wenyeji wakaoana, wakawa watu wamoja.

Mtawala aliitwa ntemi, na neno hilo latokana na kutema, yaani kukata. Wengine husema ni kukata pori. Wengine husema ni kukata shauri. Maana zote mbili zafaa, kwani pasipo shamba hapana watu, na pasipo hukumu hapana amani.

Wala mtemi hakujitawaza mwenyewe. Alichaguliwa na wazee walioitwa banang'oma, na kwa desturi ya kale aliyerithi kiti ni mtoto wa dada, si mwana. Wana wa mtemi waliitwa banangwa, nao walipewa vijiji wavitunze. Vijana nao walikuwa na mkuu wao, nsumba ntale, aliyewaongoza katika kazi za mashamba.

Tena mtemi alihesabiwa kuwa mwenye mvua. Mvua ikikosekana, watu waliweza kumwondoa. Na akiwa mkali kupita kiasi, walihama na ng'ombe wao kwenda kwa mtemi mwingine, maana nchi ilikuwa pana. Mtemi asiye na watu alikuwa mtemi wa nini?

Mambo kama hayo yalitokea hata Uingereza. Warumi walipoondoka, yapata mwaka 410, watu wa Angle na Saxon walivuka bahari, wakalima na kuanzisha falme nyingi ndogo. Ilipita miaka mia tano na zaidi, ndipo Athelstan, mwaka 927, alipozitawala zote pamoja.

Usukuma haukupata mfalme mmoja. Mwaka 1946, chini ya utawala wa Waingereza, watemi wapatao 50 waliunganishwa katika baraza moja huko Malya. Lakini wakati huo mtemi alikuwa akishikiliwa na serikali, na uwezo wa watu wa kumwondoa ulikuwa umepungua sana. Ndivyo heshima ya wengi wao ilivyofifia, hata mwaka 1963, baada ya uhuru, utawala wa watemi ukafutwa.

Basi yatupasa kukumbuka neno hili: kiti cha utawala hakisimami kwa miguu yake, husimama juu ya ridhaa ya watu.