Zizi Lilikuwa Upande Gani?

Mwaka 1572, mjini Cologne, Georg Braun na mchoraji Frans Hogenberg walianza kuchapisha kitabu cha picha za miji ya dunia, Civitates Orbis Terrarum. Hogenberg alizaliwa Mechelen, katika Ubelgiji ya leo, enzi ambazo Ubelgiji na Uholanzi zilikuwa chini ya mtawala mmoja. Katika ukurasa mmoja, chini ya Aden, wameweka Mombasa, Kilwa na Sofala. Wao wenyewe hawakuwahi kufika. Isitoshe, Wareno walikuwa wameivamia na kuipora Kilwa tangu 1505.

Niliiona picha hiyo kwenye simu, hapa Lingeka, wiki tuliyomzika babu.

Kaya yake ya kwanza ilivunjwa mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji. Siku moja, nikiwa mwanafunzi, alinichorea mchangani kwa kijiti: hapa uzio wa minyaa, hapa zizi, hapa nyumba ya bibi yako. Kuku wakapita juu yake. Nikacheka.

Kilwa ilichorwa na watu wasioiona, na picha ipo hadi leo. Kaya yetu ilichorwa na mwenyewe aliyeijenga, nami nilikuwa na daftari mkononi nisinakili.

Jana nimewauliza wazee. Shangazi anasema zizi lilikuwa kushoto kwa nyumba. Baba mdogo anasema kulia.

Nimechora picha mbili.