Kutoka Majibizano hadi Tuzo: Mshairi wa Pemba Mbele ya Mizani

Mwaka 2015 ilipotolewa kwa mara ya kwanza Tuzo ya Mabati-Cornell ya Fasihi ya Kiswahili, riwaya ya Anna Samwel Manyanza, Penzi la Damu, ilishinda kwa upande wa nathari, na kwa upande wa ushairi ulishinda mkusanyo wa N'na Kwetu. Mtunzi wake, Mohammed Khelef Ghassani, ni mwanahabari mzaliwa wa Pemba. (Kwamba kampuni ya mabati ndiyo iliyosaidia kuuezekea ushairi ni jambo ambalo malenga wa kale wangelifurahia.)

Wapemba hawakungoja tuzo ndipo wajue kushindana. Kamange na Sarahani walijibizana kwa tungo, na katika majibizano hakimu wa mshairi ni mshairi mwenzake: shairi lisilojibika ndilo lililoshinda, na lililohifadhiwa vifuani ndilo lililodumu. Kitabu cha Kale ya Washairi wa Pemba, kilichohaririwa na Abdilatif Abdalla, hakikuchapishwa hadi mwaka 2011.

Mizani ya pili ililetwa na ukoloni. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilisimamia usanifishaji uliojengwa juu ya Kiunguja, na lahaja za jirani, Kipemba kikiwamo, zikabaki nje ya mlango. Kisha yakaja mashindano ya uandishi ya Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, ambayo Muhammed Said Abdulla wa Unguja aliyashinda mwaka 1957-58 kwa hadithi ya Mzimu wa Watu wa Kale. Hapo hukumu ilihama kutoka sikioni ikaingia karatasini.

Ndiyo sababu naliona jina la mkusanyo wa Ghassani kuwa na uzito kwa mwanaisimu. Sarufi sanifu ingetaka "nina". Wengi hudhani mshairi hufupisha neno ili apunguze mizani, hapa sivyo. Irabu ya silabi ya kwanza imedondoshwa, lakini nazali iliyobaki inabeba silabi yake yenyewe, kama m katika "mtu". "Nina" ni mizani mbili, na "n'na" pia ni mbili. Mtunzi hakufaidi hesabu yoyote. Alichokichagua ni sauti ya mazungumzo ya nyumbani. Umbo hili si la Wapemba peke yao, hulisikia Unguja pia, ila kalamu ya mhariri imezoea kulisahihisha. Safari hii lilifika mbele ya majaji likiwa jaladani, wala halikumkosesha mtunzi ushindi.

Hata hivyo, tuzo ya namna hii hupima maandishi. Malenga wa Wete au Micheweni anayetunga kwa kughani, asiye na mswada, hana pa kuingilia, ingawa Sarahani naye, kwa kipimo hichohicho, pengine angeachwa mlangoni.